Kichanja cha Tisa

Watu wakisikia neno mmisionari hufikiria mzungu mwenye ndevu na kofia ya jua. Baba yangu alikuwa mmisionari mwenye baiskeli. Kanisa lilimtoa milimani, kule ambako watu huvaa koti mchana kutwa, likamtuma Minago, kando ya ziwa, kwenye joto na mbu, awe mwinjilisti, awahubirie watu ambao hawakuwa wamemwomba aje. Tofauti yake na wazungu wawili wa misheni ilikuwa kwamba wao walikuja na friji.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, wakubwa wa wakati ule waliamua kwamba watu wanasali kupita kiasi. Ibada ikabaki ya Jumapili tu. Siku za kazi ni za kazi; mkikutwa watatu na Biblia moja, huo ni mkutano, na mkutano ni kosa. Wazungu wetu walipewa siku mbili za kufunga mizigo. Nilihesabu masanduku yao yakipakiwa kwenye kamyo: kumi na moja. Nikahesabu tena: kumi na moja, na friji. Funguo za chumba cha misheni waliziacha kwa baba. Juma halikuisha, askari wa zoni, yaani wa utawala wa hapo, wakaja kuzichukua, wakatia na kufuli yao juu.

Hapo ndipo baba alipoanza kununua samaki.

Wakati ule Minago ilikuwa na uwanja wa kuanikia ndagala, samaki wetu wadogo wembamba ambao bila hao nusu ya pwani hii isingekula. Nasema ilikuwa nao kwa sababu ziwa limepanda miaka hii ya karibuni na uwanja uko chini ya maji; ukienda leo utaonyeshwa mawimbi. Palikuwa na vichanja kumi na vinne, meza ndefu za miti na wavu wa waya, kila kimoja na mwanamke wake. Mama yangu alikuwa na cha kumi na nne, cha mwisho kabisa, karibu na michikichi. Mwenye uwanja alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Rumonge, mtu wa maneno machache. Askari walipokuja kumwuliza kuna nini pale kila Jumanne, aliwajibu kwamba yeye anaona wanawake na samaki, na macho yake hayajawahi kumwibia.

Mnunuzi wa ndagala ana desturi zake. Hupita kichanja kwa kichanja. Huchota kwa kiganja, hunusa, hutafuna mmoja kuona kama ana mchanga. Huuliza bei kwa sauti kubwa, huudhika kwa sauti kubwa, kisha huinama na kunong'ona, kwa sababu bei ya kweli hunong'onwa, ili mwenye kichanja cha jirani asiisikie. Baba alijificha ndani ya desturi hiyo. Kwa sauti kubwa alisema, "Samaki hawa wana mchanga, mama, unataka kunivunja meno?" Kwa sauti ndogo akasema sentensi moja ya mahubiri. Moja tu. Akaenda kichanja cha pili, akalalamika, akaacha sentensi ya pili. Akifika cha kumi na nne mahubiri yamekwisha, na hakuna mtu hata mmoja aliyeyabeba yote. Jioni, akina mama wakienda kuosha mabeseni, walisimama majini kwa mpangilio uleule wa vichanja, kila mmoja akatoa kipande chake, na mahubiri yakaungana. Ukikamatwa, ulikuwa na sentensi moja tu ya kukiri, na sentensi moja haijawahi kuwa mkutano.

Kazi ilikuwa na hatari zake, na si zote zilitoka kwa askari. Jumanne moja mwenye kichanja cha sita alikuwa amekwenda kujifungua. Mahubiri ya siku hiyo yalihusu kusamehe, na kipande cha sita ndicho kilichowaambia wasilipize. Bila hicho, akina mama walirudi nyumbani na ruhusa kamili ya Mungu ya kumpiga mwizi wa nyavu, na wengine waliitumia. Kesho yake baba alilazimika kurudi kununua samaki upya. Tangu hapo ikawa sheria: asiyekuwepo, jirani amchukulie chake. Kufika majini mikono mitupu ikawa aibu kuliko kuja harusini bila zawadi.

Mimi nilijifunza kupatana bei hapo, kwa mtu ambaye hakununua kitu. Leo nauza mawese na ndagala katika soko la Rumonge, na wateja husema nina sauti mbili. Ninazo. Nyingine niliirithi.

Jumanne ya mwisho mvua ilitoka upande wa Kongo bila kuaga. Baba alikuwa amefika katikati ya uwanja. Akina mama wakaacha kila kitu, wakaanza kuanua, maana ndagala walionyeshewa wakikaribia kukauka ni hasara ya siku tatu. Baba akasaidia kubeba mabeseni, kisha akapanda baiskeli na kuondoka. Jioni mvua ilipokatika wakaenda majini hata hivyo, wakaunganisha vilivyokuwepo. Vilikuwa tisa. Nilikuwa nimesimama miguuni pa mama, maji yakinifika magotini, na navikumbuka kama ninavyokumbuka majina ya watoto wangu.

Cha kwanza kilisema mvuvi hutoka na taa. Cha pili, taa haimwiti samaki kwa jina. Cha tatu, samaki huja kwa sababu kuna mwanga, wala hajui nani ameushika. Cha nne, sisi pia tulikuja hivyo. Cha tano, waliotuletea taa wamefukuzwa. Cha sita, taa imebaki kwetu na mafuta yanapungua. Cha saba, kila siku namwuliza Mwenye taa kama yuko macho. Cha nane, niulizeni amenijibu nini.

Wakageuka kwa mwenye kichanja cha tisa, mwanamke kijana, mrefu, ambaye kwa kawaida alicheka sana. Akasema: "Hajanijibu kitu."

Mwenye cha kumi akafungua mikono kuonyesha kwamba hana, wa kumi na moja naye hivyohivyo, mpaka kwa mama. Mvua ilikuwa imekula vipande vitano.

Baba alikamatwa jioni ileile, na askari wawili, nyumbani, akiwa anaosha miguu. Walimruhusu kumaliza mguu wa pili. Alikaa ndani miezi mitatu; mama alimpelekea chakula na habari. Aliporudi alikuwa amepungua hata pete ya ndoa ilikuwa imehamia kidole gumba. Hakuhubiri tena. Wakubwa wale waliondoka, wakaja wengine, ibada za katikati ya juma zikafunguliwa, kufuli ya zoni ikavunjwa kwa nyimbo na vigelegele, na baba bado hakuhubiri. Alitengeneza baiskeli chini ya paa la bati pembezoni mwa barabara. Jumapili alikaa benchi la nyuma, akaimba nyimbo zote, akaondoka wa kwanza.

Kisha vita, na sisi tukavuka kwenda Tanzania. Kule kambini ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki cha kuandika, kwa mwalimu aliyetuchapa kila tulipoweka "iko" mahali pasipotakiwa. Siku moja tulikuwa kwenye mstari wa unga, mimi na baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani sasa naweza kuuliza. Nikamwambia, baba, vile vipande vitano ulivyokuwa hujavitoa, vilisemaje?

Alitazama mbele, akihesabu watu kwa kidole. "Mbele yetu wako arobaini na wawili," alisema.

Mwaka uliofuata homa ilimchukua. Tulimzika huko huko.

Nimeishi na hesabu hiyo mbaya: kumi na nne ukitoa tisa. Nikiwa napima mawese huwa najaribu kuvitunga vile vitano mwenyewe. Cha kumi nimewahi kukipata, zaidi ya mara moja, nikakikataa. Mambo mengine ya baba nimeyasahau, hata sauti yake kubwa, ile ya kulalamikia mchanga, siwezi kuisikia tena vizuri. Ile ndogo ninayo, lakini inaishia pale. Hajanijibu kitu. Ninachotaka kujua si kingine: kama aliondoka duniani akiwa hajajibiwa, au kama jibu lilikuwa kwenye kichanja cha kumi na mvua ikawahi.

Mwaka jana kanisa letu la Rumonge likaamua kufanya jubilei, na jubilei bila mchezo wa kuigiza ni kama harusi bila soda. Kijana mmoja, mwalimu wa shule ya sekondari, akapewa kuuandika. Ulikuwa mchezo wa wamisionari walioteswa, weupe na weusi, na sehemu kubwa ilikuwa ya baba. Alikuja sokoni na daftari, akaketi kwenye jerikeni yangu ya mawese bila kuuliza kama imefungwa vizuri.

Alinisomea. Baba alikamatwa ufukweni, na askari sita, mikono imeinuliwa mbinguni, taa ya umeme ikimmulika kutoka juu, akafa papo hapo.

Nikamwambia baba alikufa Tanzania, kwa homa.

"Mama, jukwaani mutu hafi na malaria."

"Basi asife."

Tukaanza kupatana. Askari nikamshusha kutoka sita mpaka wawili, kwa sababu walikuwa wawili. Mwanga wa mbinguni aliung'ang'ania, nikamwachia kwa sharti kwamba mikono ishuke. Alitaka magoti, nikasema baba alikuwa ameketi akiosha miguu. Alisema beseni la miguu litachekesha watu. Tukakubaliana kwenye goti moja.

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameviandika vile vipande vitano. Watu wazima wa Minago walikuwa wamempa tisa, vitano amevitunga yeye. Nilivisoma, nikavisoma tena. Vilikuwa vizuri. Katika cha kumi Mwenye taa aliamka, katika cha kumi na mbili alijibu, na katika cha kumi na nne wote walisema Amina. Pale sokoni, kati ya nyanya na samaki wa kukaanga, nilishika daftari lile kwa mikono miwili. Ningevinunua. Kilichonizuia ni kwamba vilinyooka kila upande, na baba yangu hakuwahi kunyoosha namna hiyo hata gurudumu la baiskeli.

Nikamwambia aviweke kwanza. Akaniambia niende nimwone mchungaji, kwa sababu jambo lenyewe si la mchezo tu.

Mchungaji wetu si mtu mbaya. Alinipa kiti kizuri, akaagiza chai, ndipo nikajua habari ni nzito. Kamati ilikuwa inaandaa orodha ya mashahidi wa imani wa pwani hii, watu walioteswa miaka ile. Majina yatasomwa siku ya jubilei, na baadaye kuchorwa ukutani, kushoto kwa mimbari. Jina la baba lilikuwa la kwanza kutajwa na la kwanza kusimamishwa.

"Mama, mahubiri yake ya mwisho wazee bado wanayakumbuka," alisema. "Shahidi anayesema Mungu hakumjibu, nitamweleza vipi kwa watoto wa ubatizo?"

Nikamwambia mahubiri hayakuwa yamekwisha. Akasema ndiyo hasa. Kama familia ikivikubali vile vitano vya mwalimu, kanisa litayachukua mahubiri kuwa kamili, na jina litaingia. Kama hatuvikubali, basi tumwache mzee apumzike na tusimsumbue kwa orodha.

Nilitaka jina lile ukutani. Siandiki hapa kujipamba. Baba hana kaburi ambalo ninaweza kulipalilia. Liko ng'ambo, kwenye kambi iliyofungwa, chini ya shamba la mtu. Ukuta ule ungekuwa mahali pa kusimama. Nilimwomba mchungaji majuma mawili, akanipa moja, tukaishia siku kumi.

Wale wanawake kumi na wanne niliwahesabu kwa vidole. Vita, maradhi na uzee vilikuwa vimepita kichanja kwa kichanja. Aliyebaki alikuwa mmoja, yule wa tisa. Alikuwa amekimbilia Uvira, upande wa Kongo, akakaa miaka, akarudi, na sasa anaishi Gitaza kwa binti yake. Nikawaza kwamba aliyesimama karibu zaidi na mahali mahubiri yalipokatikia huenda alisikia kitu zaidi. Nikafunga kibanda changu, nikaenda.

Nilimkuta kando ya barabara, ameketi mbele ya turubai la ndagala, anachagua takataka kwa vidole virefu. Sikuhitaji kuulizia.

"Amahoro, mama," nilisema.

"Amahoro. Unanunua ao unaangalia tu?"

"Nimekuja kuuliza jambo."

"Kuuliza ni bure. Lakini kaa chini, unawazibia samaki jua."

Nikaketi. Nikamweleza mimi ni nani: mtoto wa mwinjilisti, wa kichanja cha kumi na nne. Vidole vikasimama. Nikamweleza habari za jubilei, za orodha, za mwalimu na vipande vyake. Nikamwuliza kama siku ile, baada ya kumpa kile cha tisa, baba aliongeza neno lolote. Akatoa jiwe dogo kati ya samaki, akalitupa barabarani. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mimi hakunipa kitu."

Sikuelewa. Akaendelea taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo uliofungwa vibaya. "Alifika kwangu, akainua kichwa, akaona mvua. Akaniambia, anua samaki, mama, mvua iko inakuja. Ni hiyo tu. Nikaanua. Sasa jioni tuko mu maji, kila mutu ana chake. Wanane wamesema, wananiangalia mimi. Na cha nane kimesema muniulize amejibu nini. Nilikuwa nimezika mutoto, ilikuwa juma ya tatu. Nikasema ile iliyokuwa mu roho yangu. Wakazani ni ya baba yako. Na mimi nikawaacha wazani."

Karibu miaka arobaini nimebeba shaka ya baba yangu, nikaipanga, nikaizungusha, nikailaza na kuiamsha, na haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke aliyefiwa na mtoto na hakutaka kufika majini mikono mitupu. Nikachota ndagala, nikatafuna mmoja.

"Samaki wako wana mchanga," nilimwambia.

Alicheka, mara moja tu, ndogo, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Akanieleza yaliyobaki. Baba alipotoka gerezani, mwanamke huyu alimwendea pale alipotengeneza baiskeli kumwomba msamaha kwa kumtia neno kinywani. Baba akamwambia alikwishajua. Mama yangu alikuwa amempelekea mahubiri yote kule ndani pamoja na chakula, naye akayapanga kichanja kwa kichanja, akaona cha tisa si chake. Mwanamke akasema atakwenda kuwaambia watu. Baba akamkataza. Akasema wakiambiwa si lake, watauliza ni la nani, na yeye ana mabega, amwachie. Kisha akasema jambo jingine: kwamba alipofika kwenye kichanja chake siku ile alikuwa amekwishaishiwa, hana la tisa, alikuwa anatembea tu akitumaini litakuja. Na kwamba kule ndani lile neno ndilo alilokuwa akisali nalo, maana ndilo pekee aliloweza kulisema bila kujilazimisha.

"Nikamuuliza, na zile tano?" alisema. "Akaniambia, nikizipata nitakuletea wewe kwanza, zamu ni yako. Hakuleta. Kule Uvira nilikuwa naweza kuona mutu wa baiskeli kwa mbali, nasimama."

Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliokuwa tukingoja kitu kimoja, mmoja kila upande wa ziwa. Na mimi niliyezoea kupatana nikajikuta sijui bei ya nilichouziwa. Huenda baba alimwambia vile kwa kuwa ilikuwa kweli. Huenda alisema kumfariji tu mama aliyefiwa na mtoto, maana baba ndivyo alivyokuwa. Neno la kweli na neno la huruma hupimwa kwa kopo moja; ukiwa mbali huwezi kujua muuzaji alijaza nini.

Jambo moja lilikuwa wazi: sasa nilikuwa na cha kumpa mchungaji. Cha tisa si cha baba. Kiondoe, na shahidi wako ni safi. Hata kabla sijasema, mama yule alisema mwenyewe. Nimpeleke Rumonge siku ya jubilei, atasimama mbele ya kanisa aseme. "Nimezeeka. Watanifanya nini? Watanifukuza mu uzee?" Nikakubali. Sikujifanya kusita hata kwa adabu. Nilirudi Rumonge moyo mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa tangu nivuke kurudi nchini.

Vipande vya mwalimu nikavikataa. Akaudhika.

"Mchezo unaoishia katikati, Mama, watu watazani umeme umekatika."

"Wamezoea."

Alikubali kuishia kwenye cha tisa, kwa bei: nimpe ndagala wa kweli, mabeseni manne, na mitandio. Aliomba mabeseni saba. Kwa mchungaji sikueleza kitu. Nilimwambia tu asubiri siku yenyewe, shahidi yupo. Akajibu kwamba orodha haingoji, ila akiletewa neno jipya mbele ya watu, jina litaongezwa palepale, kalamu anayo.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mama wa kichanja cha tisa niliketi naye benchi la nne, amevaa kitenge kipya ambacho binti yake alimfunga kwa pini mbili. Tulikuwa tumepatana: mchezo ukiisha na orodha ikisomwa, atasimama.

Wazungu waliigizwa na vijana waliojipaka unga, watu wakacheka. Baba yangu aliigizwa na fundi seremala, mfupi mno, lakini aliinamia vichanja vizuri. Alilalamika kwa sauti kubwa, akanong'ona kwa sauti ndogo, na kanisa zima, lenye watu waliozaliwa baada ya hayo yote, likainamisha vichwa kusikiliza. Kisha mvua, ambayo ilikuwa mchele kwenye sinia la bati. Kisha wasichana wenye mabeseni yangu, kwa mpangilio. Taa. Jina. Mwanga. Kila mmoja na chake. Wa nane akasema niulizeni amenijibu nini, na wakamgeukia wa tisa.

"Hajanijibu kitu," alisema msichana yule, na mwalimu, kama tulivyopatana, hakuweka kitu baada ya hapo.

Nilisikia midomo ya mama pembeni yangu ikilisema pamoja naye. Lakini haikuwa yeye peke yake. Mbele yetu palikuwa na mwanamke ambaye mtumbwi ulirudi bila mumewe. Yeye alivuta pumzi, akaitikia "ehe", polepole, kama mtu anayeitikia jina lake likiitwa mahali ambapo hakutegemea. Nyuma kuna mzee alikohoa, na hakikuwa kikohozi. Watu walikaa hivyo. Hakuna aliyeimba. Nimekaa makanisani maisha yangu yote, na sijawahi kuona kanisa likikaa hivyo na neno la namna ile bila kulikimbiza mlangoni. Na waliweza kwa sababu lilikuwa la mwinjilisti. Mwinjilisti amelisema, basi linasemeka.

Mchungaji akasimama na karatasi. Akasoma majina ya mashahidi, moja moja, na baada ya kila jina watu wakapiga makofi matatu. Nilijua idadi kabla hajaanza, hata hivyo nilihesabu.

Mama alianza kuinuka. Magoti yake hayakuwa na haraka, kwa hiyo nilikuwa na muda. Ningeweza kumsaidia kwa kiwiko. Aseme, mchungaji atoe kalamu, fundi rangi achore, na mimi nipate mahali pa kusimama. Na kanisa lote lipumue, liseme ahaa, kumbe ni la mwanamke aliyefiwa tu, maskini, na kila mtu arudi nyumbani na lake akalifiche upya.

Nikashika kitenge chake, pale palipo na pini.

"Kaa, mama."

Alinitazama kama mtu aliyepunjwa. "Na jina ya baba yako?" alinong'ona.

"Kaa."

Akakaa. Mchungaji alitutazama juu ya miwani, akangoja kidogo, kwa haki ni lazima niseme alingoja, kisha akakunja karatasi na kutangaza wimbo. Tukasimama sote. Majina yalikuwa sita. Niliyahesabu tena wakati wa ubeti wa pili, sikuimba, na kitenge cha mama nilikuwa bado nimekishika, naye hakukivuta.